UZI: Sylvia Pankhurst, mpigania kura ya wanawake aliyefukuzwa na mama yake mzazi na kuzikwa kishujaa Addis Ababa

Mama Vitenge (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Mwezi jana nilikuwa narudi kutoka kufuata mzigo, naunganisha ndege Addis Ababa, na ndege ya Dar ilikuwa kesho yake asubuhi. Nikaona kulala hotelini mchana kutwa ni hasara. Nikamwomba dereva wa teksi anipeleke Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, maana nilisikia Haile Selassie amezikwa mle ndani pamoja na mkewe, Malkia Menen. Nikaingia, nikaona, nikatoka. Nje, mbele ya kanisa, kuna makaburi ya wazalendo waliopigana na Waitaliano. Katikati ya majina ya Kihabeshi nikakuta jina la Kizungu, tena la mwanamke: Sylvia Pankhurst.

Nikamuuliza dereva ni nani huyu. Akanijibu kwa Kiingereza cha kuokoteza: "Huyu alikuwa upande wetu."

Jina la Pankhurst nililijua tangu shule. Yule mama wa Uingereza aliyedai kura mpaka akatupwa jela, Emmeline, sanamu yake imesimama London karibu na Bunge tangu 1930. Sylvia ni binti yake wa pili. Sasa binti wa Manchester anatafuta nini kwenye makaburi ya mashujaa wa Uhabeshi? Swali hilo sikuliacha. Nimesoma wiki tatu, dukani mchana na nyumbani usiku, na leo nawaletea.

Hoja yangu naiweka mapema ili asiyekubali ajiandae. Tunapofundishwa harakati za kura ya wanawake tunapewa mama mtu na binti mkubwa. Yule aliyebaki na wanawake maskini anarukwa, na kwa maoni yangu ndiye aliyeona mbali kuliko wote.

Uzi ni mrefu, tuwe wavumilivu.

SEHEMU YA 1

Baba yao, Dk. Richard Pankhurst, alikuwa mwanasheria Manchester. Mwaka 1870 ndiye aliyeandika mswada wa kwanza wa kuwapa wanawake wa Uingereza kura. Mswada ulikwama. Alifariki 1898, mkewe akiwa safarini na Christabel, binti mkubwa. Aliyekuwa nyumbani na baba ni Sylvia, miaka 16.

Sylvia alikuwa mchoraji, akasomea mpaka Royal College of Art, London. Mwaka 1903 chama cha wafanyakazi alichokipenda baba yake kilijenga ukumbi pale Salford, kikaupa jina la marehemu, na Sylvia akapewa kazi ya kuupamba kwa michoro. Fikiria binti wa miaka 21 yuko juu ya ngazi, brashi mkononi, anapaka rangi kuta zenye jina la baba yake. Kisha anaambiwa tawi litakaloutumia ukumbi halipokei wanawake. Ukumbi wa mtu aliyeandika mswada wa kura ya wanawake!

Mama mtu alipandwa na hasira. Tarehe 10 Oktoba 1903, sebuleni kwake, Mtaa wa Nelson namba 62, aliwakusanya wanawake wachache wakaanzisha chama chao, Women's Social and Political Union, kwa kifupi WSPU. Kaulimbiu yao ilikuwa vitendo, si maneno.

Miaka miwili hivi walihutubia bila kusikika. Kisha tarehe 13 Oktoba 1905, kwenye mkutano wa chama cha Liberal pale Free Trade Hall, Manchester, Christabel na Annie Kenney wakasimama kuuliza swali moja: mkiingia madarakani mtawapa wanawake kura? Annie alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, kazi aliianza ana miaka 10. Hawakujibiwa. Wakauliza tena, wakatolewa nje kwa nguvu. Christabel akamtemea mate polisi makusudi ili akamatwe. Mahakamani walipigwa faini, wakakataa kulipa. Christabel akafungwa siku 7, Annie 3. Asubuhi yake magazeti yote yaliwaandika, na kuanzia hapo suala la kura halikuzimika tena.

Kijana wa Manzese

Nimeweka kambi hapa, mama. Ila nina swali. Ina maana kabla ya hawa hakuna aliyedai? Na hakukuwa na njia ya ustaarabu zaidi ya kutema mate?

Mwalimu wa Historia

Kijana, umeuliza vizuri, ngoja nimsaidie mleta uzi.

Walikuwepo, tena zamani. Mwaka 1866 wanawake wapatao 1,500 walitia saini ombi la kura. Waliolipeleka Bungeni ni Emily Davies na Elizabeth Garrett. Walipofika ukumbi wa Westminster wakaona aibu kutembea na lile furushi, wakamwomba mama muuza matofaa awafichie chini ya meza yake mpaka John Stuart Mill alipokuja kulichukua. Mwaka uliofuata Mill aliliomba Bunge libadilishe neno moja tu kwenye mswada wa uchaguzi, penye "mwanamume" paandikwe "mtu". Wabunge 73 walimuunga mkono. Waliomkataa walikuwa karibu mara tatu ya hao.

Mdogo wake Elizabeth ndiye Millicent Fawcett, aliyekuja kuongoza chama kikubwa kuliko vyote, NUWSS, kilichoundwa 1897. Hawa walikuwa watu wa barua, maandamano ya amani na kushawishi mbunge mmoja mmoja. Kufika 1914 walikuwa na wanachama zaidi ya 100,000. Kuna kisa chake nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Aliibiwa pochi kituo cha treni cha Waterloo, mwizi akakamatwa. Mahakamani hati ya mashtaka ikasomwa kwamba mshtakiwa amemwibia Millicent Fawcett pochi ambayo ni mali ya Henry Fawcett, yaani mumewe. Pochi yake mwenyewe, pesa zake mwenyewe! Alisema alijisikia kana kwamba yeye ndiye aliyeshtakiwa kwa wizi.

Kwa hiyo njia ya ustaarabu ilikuwepo. Mimi nitaitetea mbele ya uzi huu.

Mama Vitenge (mleta uzi)

Shikamoo mwalimu. Kisa cha pochi sikukijua, asante sana. Tetea tu, ila hesabu nawe: kutoka 1866 mpaka 1905 ni miaka 39.

SEHEMU YA 2

Mwaka 1907 Sylvia alifunga safari peke yake, akazunguka miji ya viwanda ya Uingereza na Scotland kuchora wanawake kazini. Cradley Heath walikokuwa wanawake wafua minyororo. Staffordshire kwenye viwanda vya vyombo vya udongo. Viwanda vya viatu Leicester. Viwanda vya pamba Glasgow, ambako joto lilimlewesha akiwa amesimama tu anachora. Michoro ipo mpaka leo, itafuteni. Hakuchora mabibi waliopiga pozi. Alichora watu wameinamia kazi, migongo imepinda, na nadhani ile safari ndiyo iliyomgeuza. Wenzake wengi walimjua mwanamke maskini kwenye hotuba, yeye alimjua kwa kumtazama mikono siku nzima.

Picha za chama pia ni zake nyingi. Yule malaika mwenye tarumbeta, na ile beji yenye geti la Bunge waliyopewa wanawake waliotoka gereza la Holloway.

Sasa jela. Julai 1909 mwanachama mmoja, Marion Wallace Dunlop, naye mchoraji, aligoma kula gerezani akidai ahesabiwe mfungwa wa kisiasa. Saa 91, wakamwachia. Wenzake wakaiga. Septemba mwaka huo huo serikali ikaamuru wanaogoma walishwe kwa nguvu.

Sylvia yalimkuta Februari 1913. Alifanikiwa kumpenyezea mama yake barua akieleza kwamba kila siku wanakuja walinzi wa kike wanne, watano, hata sita, na madaktari wawili, wanamkandamiza na kumlisha kwa mpira mara mbili kwa siku. Wiki tano. Mwishowe akagoma kula, kunywa na kulala kwa pamoja. Akatembea chumbani huku na huko kwa saa 28, anaanguka, anainuka, mpaka wakamwachia.

Nesi wa Zamu

Wakuu, nimeshindwa kupita kimya. Mpira wa kulishia naweka wodini karibu kila wiki. Mgonjwa tunamkalisha, tunapima urefu kutoka puani mpaka sikioni na kushuka hadi chini ya kifua, tunapaka mafuta, tunamwambia ameza taratibu mama, ameza. Kisha lazima tuhakikishe umefika tumboni kabla hatujamimina chochote. Ukiingia kwenye njia ya hewa, uji unakwenda mapafuni na mtu anaweza kufa. Hiyo ni kwa mgonjwa anayetusaidia.

Mtu anayepigana, amebanwa na watu sita, mdomo umetanuliwa kwa chuma? Sitaki hata kufikiria. Na waliofanya hivyo ni madaktari.

Mama Vitenge (mleta uzi)

Pole na kazi, dada yangu. Basi sikiliza na hiki, utakielewa kuliko sisi.

Kulikuwa na Lady Constance Lytton, mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtawala wa Waingereza kule India. Alipofungwa na kugoma kula walimpima moyo, wakasema una kasoro, wakamtoa. Yeye akashuku kwamba kilichomtoa ni jina. Januari 1910 akakata nywele, akavaa miwani na nguo za bei rahisi, akajiita Jane Warton, mshona nguo, akaenda kujifungisha Liverpool. Hakuna aliyempima moyo. Mshona nguo akalishwa kwa nguvu mara 8. Moyo ulikuwa ule ule.

Mwaka 1912 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Kitabu cha yale aliyoyaona jela alikiandika kwa mkono wa kushoto.

Kijana wa Manzese

Dah. Kumbe hata jela kulikuwa na daraja la kwanza na la tatu.

Mama Vitenge (mleta uzi)

Umelenga, mdogo wangu. Hapo ndipo penye kisa chote cha Sylvia.

SEHEMU YA 3

Oktoba 1912 alihamia Bow, mashariki ya London, kwenye bandari, viwanda vya viberiti na vyumba vya kupanga vya familia nzima. Akakodi duka lililokuwa la mkate, Bow Road namba 198, akapanda ngazi na brashi kama kule Salford, akaandika mbele kwa rangi ya dhahabu: KURA KWA WANAWAKE. Mbunge wa eneo hilo, George Lansbury, alijiuzulu kiti chake Novemba hiyo ili agombee upya kwa hoja moja tu, kura ya wanawake. Akashindwa kwa kura 751. Wapiga kura wote walikuwa wanaume, tusisahau.

Makao makuu ya WSPU yakataka kufunga shughuli za Bow. Sylvia akabaki. Akahamia kwa Bwana na Bibi Payne, mafundi viatu, Ford Road namba 28, na wale ndio waliomuuguza kila alipotoka jela. Wakati huo kulikuwa na sheria ya Aprili 1913 ambayo watu waliibatiza Paka na Panya. Mgoma kula anaachiwa apone, akipata nguvu anarudishwa kumalizia kifungo. Mitaa ya Bow ilimficha. Polisi wakija, wanawake wanamwaga maji kutoka madirishani.

Novemba 1913 alipanda jukwaani Albert Hall pamoja na Lansbury na James Connolly kuwatetea wafanyakazi wa Dublin waliofungiwa kazi. Dada yake Christabel, aliyekuwa amejificha Paris tangu 1912 akiendesha chama kwa barua, hakupendezwa. Januari 1914 Sylvia akaitwa Paris. Alisafiri akiwa dhaifu wa jela. Humo chumbani, kwa simulizi yake mwenyewe, Christabel alikuwa amempakata mbwa mdogo, akamwambia chama cha Bow lazima kijitenge. Sababu zake zilikuwa kwamba wanawake wa vibaruani ni dhaifu, maisha yao magumu mno na elimu yao ndogo. Kinachotakiwa ni wanawake wenye nguvu na akili, wanaotembea kwa hatua moja kama jeshi. Mama yao alikuwepo. Hakumtetea.

Nilipofika hapo nilifunga simu nikakaa. Mimi nina mafundi wanne wanaonishonea vitenge kwa malipo ya kipande. Nimewahi kusema maneno yanayofanana na ya Christabel, kwamba huyu hawezi kusimamia wenzake, hajasoma. Nayasema wazi kwa sababu ni kweli.

Sylvia alirudi Bow. Chama chao kikaongeza rangi nyekundu kwenye zambarau, nyeupe na kijani za mama yake, na Machi 8, 1914 wakatoa gazeti lao la kwanza. Kisha wakataka Waziri Mkuu Asquith, mpinzani mkubwa wa kura ya wanawake, akutane nao, na wajumbe wachaguliwe kwenye mikutano ya hadhara ya wanawake wa Bow wenyewe. Akakataa. Tarehe 18 Juni Sylvia akatoka Holloway hajala wala kunywa, akabebwa moja kwa moja mpaka mlango wa Bunge, akalazwa chini akisema hatatoka pale mpaka Asquith akubali au yeye afe.

Asquith akakubali.

Tarehe 20 Juni 1914 wanawake sita waliingia ofisi ya Waziri Mkuu wa dola kubwa kuliko zote duniani. Sylvia hakuwa mmoja wao, na naipenda sana hiyo. Mama mmoja mtengeneza brashi, Bi. Savoy, alikuja na brashi aliyoitengeneza kwa mikono yake, akaeleza matundu anayoyajaza nywele moja moja na peni chache anazolipwa. Bi. Payne alizungumzia binti yake mgonjwa. Daisy Parsons alieleza kiwanda cha sigara alichowahi kufanyia kazi: wanaume walikuwa na mahali pa kulia chakula, wanawake walikula chooni. Asquith alijibu kwamba kama kura itatolewa, basi itolewe kwa mapana, kwa wote. Kutoka mdomoni mwake, hilo lilikuwa jipya.

Mwalimu wa Historia

Nimesoma kwa makini, na nakubali Bow palikuwa na kitu. Lakini tusimkande Christabel peke yake. Kosa kubwa la WSPU ni lile la kupasua vioo na kuchoma majengo. Machi 1914 Mary Richardson alikata kwa shoka mchoro wa Velázquez kwenye jumba la National Gallery. Juni 1913 Emily Davison aliingia uwanjani Epsom akagongwa na farasi wa mfalme, akafa siku nne baadaye. Wabunge waliokuwa wanaanza kulainika walipata kisingizio. Fawcett alilisema hilo waziwazi.

Nesi wa Zamu

Mwalimu, kwa heshima, kisingizio kwa mtu asiyetaka hakikosekani. Miaka 39 ya barua walitumia kisingizio gani?

Mwalimu wa Historia

Hapo dada umenibana. Nakubali kwamba bila kelele magazeti yasingeandika. Bado nasema bila wale 100,000 wa Fawcett kusingekuwa na wa kukaa mezani kuandika sheria.

Msafiri wa Bandari

Mnaizungumzia Uingereza tu, na walioanza ni New Zealand! Septemba 19, 1893. Kate Sheppard wa Christchurch alikusanya karatasi za saini kutoka nchi nzima, akazigundisha moja baada ya nyingine mpaka zikawa mita 270, akazikunja kwenye mpini wa ufagio. Mbunge John Hall akaliingiza hilo robota Bungeni, akalikunjua sakafuni likabingirika mpaka ukuta wa mwisho. Saini karibu 24,000 kwenye robota hilo moja. Kabla mwaka huo haujaisha wanawake wakapiga kura, wakiwemo Wamaori. Hakuna aliyevunja dirisha.

Mama Vitenge (mleta uzi)

Msafiri, umenifurahisha na huo mpini wa ufagio. Kate Sheppard anastahili uzi wake, uanzishe wewe, nitakuja.

SEHEMU YA 4

Agosti 1914 vita vikaanza. Emmeline na Christabel wakasimamisha madai, wakageuka wapiga debe wa vita, gazeti lao wakalibadilisha jina likawa Britannia. Sylvia akapinga vita tangu mwanzo. Ila hakuishia kupinga kwa maneno. Bow viwanda vilifungwa, waume wamechukuliwa jeshini, posho haziji, maziwa yamepanda bei. Chama chake kikafungua migahawa ya bei ya gharama, mtu mzima peni 2, mtoto peni 1. Kikafungua kiwanda cha midoli kilichowalipa wanawake kima cha chini sawa na mwanamume. Baa iliyoitwa Gunmakers' Arms wakaigeuza kituo cha kulea watoto, na jina wakalibadilisha kuwa Mothers' Arms, yaani kutoka baa ya mafundi bunduki mpaka mikono ya mama.

Februari 6, 1918 sheria ikapita. Wanawake milioni 8.4 wakapata kura. Shangwe! Lakini someni masharti: awe na miaka 30 au zaidi, na awe mwenye nyumba, au mke wa mwenye nyumba, au mhitimu wa chuo kikuu. Mwanamume, miaka 21 ilitosha. Wasichana waliojaza baruti kwenye mabomu viwandani, ngozi zikageuka njano, wengi wao hawakufika 30. Wahudumu wa ndani na wanaoishi chumba chenye samani za mwenye nyumba nao wakabaki nje. Ni wale wale walioachwa Paris Januari 1914.

Usawa ulikuja Julai 2, 1928. Emmeline alikuwa amefariki Juni 14, siku 18 kabla.

Mzee wa Tabora

Mwanangu, hapo kwenye masharti umenigusa. Sisi tulipimwa kwa kipimo hicho hicho. Uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959 uliitwa wa kura tatu, unampigia Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Ili uandikishwe, uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambulika. Mama zetu wangapi walikuwa na hivyo? Kina mama wa TANU waliojaza viwanja nyuma ya Bibi Titi Mohamed, wauza maandazi na wapika pombe, wengi waliimba na kuchanga, siku ya kura wakakaa nyumbani.

Mtoto wa Ng'ambo

Na Unguja, mzee, uchaguzi wa Julai 1957 walipiga wanaume tu. Wanawake walianza Januari 1961. Bibi yangu alikuwa akisimulia foleni ya siku ile, mabuibui meusi toka alfajiri, na watoto migongoni.

Mama Vitenge (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Asanteni nyote wawili. Kwa kweli nilikuwa sijaunganisha mambo haya mpaka mlipoandika.

SEHEMU YA 5 (YA MWISHO)

Miaka ya baada ya vita nitaipita haraka. Alikwenda Urusi, akabishana na Lenin, akakaribishwa na kisha kufukuzwa na wakomunisti wa Uingereza, akafungwa tena miezi 6 kwa makala za uchochezi. Mwaka 1927, akiwa na miaka 45, akamzaa mwanawe Richard na mwenzake Mwitaliano, Silvio Corio, bila ndoa. Mama yake hakutaka kumwona tena.

Oktoba 1935 Mussolini akaivamia Ethiopia. London kulikuwa na Waafrika na Wakaribi waliosimama mara moja, akina C. L. R. James, Amy Ashwood Garvey na Jomo Kenyatta. Miongoni mwa Waingereza weupe, Sylvia hakulala. Mei 1936, Addis ilipoanguka na magazeti mengine kuhamia habari nyingine, yeye alianzisha gazeti lake, New Times and Ethiopia News. Alilitoa kila wiki kwa miaka 20. Gesi ya sumu iliyomwagwa vijijini, mauaji ya Addis ya Februari 1937, yote aliyaandika, na hakunyamaza hata serikali yake ilipoutambua utawala wa Italia. Waitaliano walipotolewa 1941 hakuacha, akageukia Waingereza wenzake na kuwaambia watoke nao, nchi ni ya Wahabeshi. Alichangisha pesa za hospitali ya kumkumbuka Binti Mfalme Tsehai, aliyesomea uuguzi London na kufariki 1942 akiwa kijana. (Nesi, hii ni yako.)

Mwaka 1956, ana miaka 74, akauza kila kitu akahamia Addis Ababa na mwanawe. Alifariki huko Septemba 27, 1960. Haile Selassie alihudhuria mazishi, na akazikwa pale nilipomkuta mimi. Mwanawe Richard akawa mwanahistoria mkubwa wa Ethiopia, akaongoza taasisi ya utafiti chuo kikuu cha Addis, akapigania mnara wa Axum urudishwe kutoka Roma, ukarudi 2005. Naye amezikwa pale pale tangu 2017.

London, Millicent Fawcett alisimamishiwa sanamu kwenye uwanja wa Parliament Square, mbele ya Bunge, Aprili 2018, mwanamke wa kwanza kwenye uwanja ule. Jina la Sylvia limo, dogo, kwenye msingi wa sanamu pamoja na majina mengine. Ombi la kumwekea sanamu yake karibu na Bunge lilikataliwa zaidi ya mara moja.

Nimemaliza. Maswali karibuni.

Kijana wa Manzese

Mama, umeniweka macho mpaka saa saba usiku na kesho nina kibarua. Swali moja tu. Yule dada wa kiwanda cha sigara aliyekuwa akila chooni, aliishia wapi?

Mama Vitenge (mleta uzi)

Daisy Parsons. Mwaka 1936, ule ule ambao Sylvia alianzisha gazeti la Ethiopia, alikuwa meya wa West Ham, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho.